Kirusi cha ng'ombe wa Amerika kina kazi gani Mwanza?

Mfugaji wa Magu akiona ng'ombe anadondosha mate, ulimi una malengelenge na kutembea hataki, hutaja jina moja tu: miguu na midomo. Mara nyingi hakosei. Ila kipo kirusi kingine, ndugu wa kile cha kichaa cha mbwa, kinacholeta vidonda vilevile mdomoni, kwenye chuchu na kwatoni. Wataalamu hukiita VSV. Makazi yake ni Amerika, kuanzia kusini mwa Mexico hadi kaskazini mwa Amerika Kusini, na kila baada ya miaka kadhaa huzuka Marekani. Husambazwa na usubi na wadudu wengine wadogo wanaouma. (Wale wa ziwani wanaotanda kama moshi hawaumi, tusiwasingizie.)

Wapo wanaosema tuachane nacho. Miguu na midomo peke yake ina aina O, A, SAT 1 na SAT 2 hapa Tanzania, na chanjo ya aina moja haikingi nyingine. Bado ndigana kali, bado homa ya mapafu. Nawaunga mkono kwa sehemu: kusaka VSV mnadani ni kupoteza fedha. Kwa afisa mifugo inatosha kukumbuka kwamba miguu na midomo haimpati punda, VSV humpata. Punda mwenye malengelenge mdomoni apimwe.

Lakini kirusi hiki kimeshaingia Afrika kwa mlango mwingine, nao ndio unaonishughulisha. Chanjo ya Ebola iliyojaribiwa Guinea mwaka 2015 na kuidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2019 ni VSV iliyoondolewa jeni ya protini ya ganda lake la nje na kupandikizwa ya Ebola. Haikingi Marburg, ugonjwa ndugu wa Ebola, uliozuka Kagera mwaka 2023, na Biharamulo mwaka 2025. Chanjo za Marburg zinatafutwa kwa njia hiyohiyo, na Februari 2025 Uganda ilianza kujaribu ya namna hii dhidi ya aina nyingine ya Ebola, iitwayo Sudan.

Anayeogopa kuchanjwa kirusi cha ng'ombe asichekwe. VSV yenyewe ikimpata mtu kwa kawaida humletea homa ya siku chache kama ya mafua, na iliyo kwenye chanjo imedhoofishwa zaidi. Hata hivyo, maelekezo ya chanjo ya Ebola yanamtaka aliyechanjwa ajitahidi damu na majimaji ya mwili wake yasifikie mifugo kwa angalau wiki sita. Hatari hiyo ni ya kinadharia. Lakini chanjo ya Marburg ikija na sharti kama hilo, kwa mama wa Kagera anayekamua alfajiri na jioni, wiki sita ni maziwa ya watoto na fedha ya sabuni. Nani atamkamulia?

Kwangu, chanjo ije, tena haraka. Ila kabla ya sindano ya kwanza, Wakala ya Maabara ya Veterinari ichukue damu ya ng'ombe wa vijiji vitakavyochanjwa na kuihifadhi, ili siku ng'ombe mmoja akitoka malengelenge tuwe na cha kulinganisha.