Sabuni Ikioza, Tusisingizie Joto la Kisumu

Mteja wangu wa Kondele alinirudishia chupa ya sabuni ya maji wiki ya tatu baada ya kuinunua. "Dada, nusa mwenyewe." Nikanusa. Mtaro mtupu! Na ule uzito wote umeyeyuka, imebaki maji ya kijani.

Kila niliyemweleza alikuwa na jibu moja: joto la ziwa hilo, ongeza kihifadhi. Mimi sikubali. Kihifadhi nilikuwa nimeweka, tena cha parabeni, kwa kipimo cha muuzaji wa kemikali. Kilichonishinda ni koti la bakteria.

Mwaka 1884, daktari Mdenmark aitwaye Hans Christian Gram, akiwa Berlin, alipaka bakteria rangi ya zambarau kisha akaziosha kwa alkoholi. Nyingine zilibaki na rangi, nyingine zikaipoteza. Zile zinazoipoteza ndizo zenye utando wa pili, wa nje, na ndizo zinazotusumbua sisi watu wa sabuni. Utando huo umesukwa kwa mafuta yaliyounganishwa na sukari, yakashikamanishwa na madini ya magnesi na kalsiamu, kama saruji kati ya matofali. Una vijilango vyembamba vya kupitisha chakula, lakini dawa yenye umbo kubwa au ya asili ya mafuta hukwama nje. Bakteria za ngozini kama Stafilokokasi hazina koti hilo, kwa hiyo dawa ileile huzimaliza upesi.

Sugu kuliko wengi ni Pseudomonasi, mkazi wa masinki na ndoo zenye unyevu. Vijilango vyake ni vizito kufunguka, na dawa ikipenya hutapishwa nje kwa pampu. Imewahi kukutwa ikiishi ndani ya dawa zenyewe za kusafishia vidonda.

Sasa mtu akiambiwa hivi hukimbilia kumimina dawa mara mbili. Kuna jirani aliyechanganya benzalkoniamu, dawa ya kuua vijidudu, kwenye sabuni ya ungarol, ile kemikali ya kutoa povu, ili "iue zaidi". Benzalkoniamu ina chaji chanya, ungarol chaji hasi. Zikakumbatiana humo humo mtungini, kazi ikaisha. Pesa imekwenda.

Dawa niliyopata kuiamini ni EDTA. Yenyewe si muuaji hodari, ila hung'oa ile magnesi na kalsiamu, utando ukalegea, kihifadhi kikapata pa kuingilia. Lakini ukiipa maji magumu, itajishughulisha na madini ya maji badala ya ya bakteria. Na mimi, nikiri tu, nilikuwa nachota kisima cha Nyalenda bila hata kuchemsha.

Kinachoniudhi zaidi ni kujaliza. Saluni, mikahawa, hata zahanati: chupa ya sinki ikifika nusu, tunamimina nyingine juu yake, miezi na miezi, chini kumejaa utelezi. Kihifadhi kipya kinakuta ukoo mzima umeshajenga. Mimi ningepiga marufuku kujaliza kabla ya kubishana juu ya dawa gani ni kali. Chupa iishe, ioshwe, ikauke kabisa, ndipo ijazwe.

Siku hizi nachemsha maji, naweka EDTA kidogo, na mitungi naianika kifudifudi hadi ikauke. Yule mteja wa Kondele amerudi, ingawa hufungua kizibo na kunusa kwanza kabla ya kutoa pesa.