Ulinzi wa mtaa si wa wenye nyumba peke yao

Kila msimu wa kilimo unapoanza, mitaa mingi ya Jiji la Mbeya hupungukiwa na watu wazima. Wenye mashamba ya mpunga Usangu huondoka kwa wiki kadhaa, wengine huelekea Ileje au Chunya, na nyumba hubaki na mwanafunzi wa sekondari, dada wa kazi au kufuli tu. Ndipo ajenda ya ulinzi inaporudi kwenye vikao vya mtaa, na ndipo tunaposikia mapendekezo yale yale ya kupandisha mchango, kuongeza walinzi wa usiku na kununua tochi na filimbi. Sina ugomvi na tochi wala filimbi. Ninachokipinga ni dhana kwamba mwizi huja usiku tu, na kwamba mwenye haki ya kuzungumzia ulinzi ni yule aliyejenga.

Mwaka jana, upande wa Ilomba ninakoishi, kirikuu kilisimama mchana kweupe mbele ya nyumba ya jirani aliyekuwa shambani. Vijana watatu walitoa friji, televisheni, magodoro na mitungi ya gesi bila haraka yoyote, na mmoja wao akawaomba watoto waliokuwa wakicheza pale wasogee ili gari ligeuze. Wapita njia walidhani mwenyeji anahama, na kilichowashangaza ni kwamba hakuaga. Aliyetilia shaka ni mama mmoja anayekaanga maandazi kwenye kona ile, kwa sababu aliona godoro likipakiwa na mashuka yake yakiwa yametandikwa, na sufuria ikitoka na maharage ndani, na hakuna anayehama namna hiyo. Simu alikuwa nayo mkononi. Namba ya mwenye nyumba hakuwa nayo, ya mwenyekiti wa mtaa hakuwa nayo, na katika kundi la WhatsApp la ulinzi hakuwamo, kwa kuwa kundi liliundwa kwa ajili ya wenye nyumba na yeye amepanga chumba kimoja. Namba 112 ya polisi ipo, lakini ni nani atakayethubutu kumwitia jirani polisi bila kwanza kumuuliza mtu kama kweli anahama?

Wazazi wetu walikuwa na mfumo wa nyumba kumi, yaani kila kundi la nyumba kama kumi lilikuwa na kiongozi wake aliyeitwa balozi. Mfumo ule, ulioanzishwa na TANU katika miaka ya 1960, ulikuwa na kasoro zake, na wapo waliouona kuwa jicho la chama ndani ya nyumba za watu. Hata hivyo balozi alijua nani amelala wapi, mgeni alipelekwa kwake kutambulishwa, na ugomvi wa mume na mke ulimfikia kabla haujafika kituoni. Mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, mabalozi walibaki kuwa wa chama kimoja, na kazi ya kuwatambua wakazi ikawa ya serikali ya mtaa, kupitia mwenyekiti, wajumbe wake na daftari la wakazi linalotunzwa na mtendaji. Daftari hilo ni silaha ya ulinzi kuliko rungu la mgambo, lakini kwa jinsi ninavyoona, wengi wetu tunalikumbuka siku tunayohitaji barua ya utambulisho ya kwenda benki.

Nisidhaniwe kwamba ninatamani ya kale tu. Mwaka 1997 mwanasosholojia Robert Sampson na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa Chicago, Marekani, uliowahoji wakazi 8,782 katika vitongoji 343. Walibaini kwamba pale ambapo majirani wanaaminiana na wako tayari kuingilia kati kwa manufaa ya wote, uhalifu wa kutumia nguvu ulikuwa mdogo, hata baada ya kuzingatia tofauti za umaskini kati ya kitongoji na kitongoji. Mojawapo ya maswali yao lilihusu kama jirani angechukua hatua akiwakuta watoto watoro wa shule wakizurura mtaani. Swali hilo lingeulizwa leo Mwanjelwa au Uyole, sijui ni wangapi tungejibu ndiyo kwa dhati, kwa sababu siku hizi ukimkanya mtoto wa mwenzio unaulizwa yamekuhusu nini.

Kufahamiana kuna faida nyingine ambayo haitajwi vikaoni, nayo ni kumwokoa asiye na hatia. Sungusungu, waliochipuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, walisifiwa kwa kuurudisha utulivu na wakalaumiwa kwa kupiga na kuua, na lawama hiyo haijaisha popote ambapo wananchi hulinda bila kusimamiwa. Mtaa usiojuana, ukisikia kelele za mwizi usiku, haumuulizi mtu anatoka wapi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa mbele yake, ilimradi amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Haimruhusu kumhukumu, na anayechangia tairi na kiberiti ni muuaji kama muuaji mwingine yeyote. Kijana anayetoka zamu ya usiku saa tisa akakutana na doria atafika kwake salama ikiwa hata mmoja kati ya walinzi anaweza kusema huyu ni wa kwetu, amepanga pale kwa Mama fulani.

Kwa hiyo katika kikao kijacho nitaomba kundi la ulinzi lifunguliwe kwa wapangaji, kwa mafundi wenye vibanda, kwa kijiwe cha bodaboda na kwa akina mama wa kona, kwa kuwa hao ndio wanaouona mtaa kuanzia alfajiri hadi jioni wakati sisi tuko kazini au shambani. Nitaomba pia askari polisi wa kata aitwe kuzungumza nao, na mapato na matumizi ya mchango wa ulinzi yasomwe hadharani, maana watu huacha kuchangia wasichokielewa.

Najua pingamizi litakalokuja, kwamba wapangaji ndio wanaowaonyesha wezi njia. Inawezekana wapo wa namna hiyo, kama walivyopo watoto wa wenye nyumba wanaouza mitungi ya gesi ya baba zao. Lakini mpangaji asiyejulikana hakuingia mtaani kwa kuruka ukuta. Alipokewa na mwenye nyumba, na kabla ya kumlalamikia ningependa mwenye nyumba huyo atueleze kwa nini alipokea kodi ya miezi sita bila kumfikisha kwa mtendaji na bila hata kumuuliza jina lake la pili.