Kesi za uhujumu uchumi: upelelezi ukipungukiwa, mahabusu ndiyo huziba pengo

Septemba 2019 Rais John Magufuli alimshauri Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) awape siku 7 washtakiwa wa uhujumu uchumi waliotaka kukiri na kurejesha fedha. Mwisho wa mwezi DPP wa wakati huo, Biswalo Mganga, alitangaza kwamba washtakiwa 467 wameomba msamaha na wako tayari kulipa Sh107.8 bilioni. Mwaka huohuo makubaliano ya kukiri kosa yaliingizwa kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai.

Wanaoutetea utaratibu huo wana hoja nzito. Kesi ya zabuni hewa haithibitishwi na taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) peke yake. Taarifa huonyesha pengo la fedha. Aliyeidhinisha malipo, akaunti zilikopitia na mmiliki halisi wa kampuni iliyolipwa ni lazima vithibitishwe kimoja kimoja. Zinahitajika hati halisi za malipo, taarifa za benki zilizothibitishwa na ofisa wa benki, kumbukumbu za BRELA, wakala wa kusajili kampuni, na mtaalamu atakayesimama kizimbani kueleza miamala. Fedha zikishavuka mpaka, msaada wa nchi nyingine waweza kuchukua miaka. Anayekiri na kulipa anaiokolea serikali gharama hiyo yote.

Lakini tuangalie anakiri akiwa wapi. Utakatishaji fedha, yaani kuficha chanzo haramu cha fedha, umo kwenye orodha ya makosa yasiyo na dhamana katika Sheria hiyo ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, na Agosti 2020 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kifungu cha 148(5), kilichobeba orodha hiyo, hakivunji Katiba. Likiongezwa shtaka hilo moja kwenye hati, mshtakiwa anabaki mahabusu. Katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, anasomewa mashtaka bila kuruhusiwa kujibu lolote, kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza shauri mpaka DPP atoe kibali. Kesi inatajwa, inaahirishwa, inatajwa tena: "upelelezi haujakamilika". Mbele yake kuna kifungo cha miaka 20 hadi 30. Sheria inamtaka hakimu ajiridhishe kuwa mtu amekiri kwa hiari, ila hiari ya mtu aliyekaa rumande miaka miwili ni vigumu sana kuipima kwa maswali ya dakika chache. Hata asiye na hatia anaweza kupiga hesabu akaona kulipa ni nafuu.

Mageuzi ya awali yaligusa zaidi mwisho wa safari ya jalada. Mwaka 2016 ilianzishwa Divisheni ya Mahakama Kuu ya Makosa ya Rushwa na Uhujumu Uchumi, na mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ikatenganishwa na ya Mwanasheria Mkuu. Zote zilihitajika. Ila jaji wa divisheni hiyo hana la kufanya na jalada ambalo bado liko mezani kwa mpelelezi asiyejua kusoma vitabu vya hesabu.

Ndiyo maana shilingi ya kwanza ya bajeti ningeipeleka kwa wahasibu wa uchunguzi na wataalamu wa ushahidi wa kielektroniki, wakae na wapelelezi wa taasisi ya kupambana na rushwa (TAKUKURU) na Polisi, na wakili wa serikali aingie tangu jalada linapofunguliwa. Wapo wanaohofia kuwa wakili aliyeongoza upelelezi atalipenda jalada lake asione udhaifu wake. Hofu hiyo ni ya kweli, na dawa yake ni kumpa wakili mwingine, asiyehusika, uamuzi wa kushtaki.

Dhamana nayo irudi kwa jaji, hata kwa utakatishaji. Anaweza kushikilia pasipoti, kuzuia akaunti, kutaka nusu ya thamani iwekwe mahakamani kama sheria ya uhujumu uchumi inavyofanya tayari. Hatari ya mtu kutoroka ipo. Ipimwe kwa kila mshtakiwa, kwa ushahidi. Na kila makubaliano ya kukiri yaandikwe wazi: kiasi, tarehe za malipo, akaunti ya serikali iliyopokea, kisha CAG ayakague kila mwaka kama anavyokagua mapato mengine.