Mgonjwa anasikia, jamani

Mwaka 2011 nilijifungua kwa upasuaji, katika hospitali moja mkoani Tanga. Sindano ya mgongo ilinishika kuanzia kifuani kwenda chini. Kichwani nilikuwa macho kabisa. Basi nikawa nasikiliza kikao cha harusi. Nesi mmoja anamdai mwenzake mchango, mwenzake anasema mshahara haujatoka, daktari naye anachangia kwamba kamati imeanza mapema mno. Katikati ya hapo: "Lete gozi nyingine, damu hii bado." Moyo ulinienda mbio. Mtoto alitoka salama, ila kile kikao sijakisahau, na sikuwa hata mjumbe.

Mwaka jana huku Ujerumani nimetolewa mfuko wa nyongo kwa sababu ya mawe. Safari hii ilikuwa nusu kaputi. (Siku nilipokutana na neno lao kaputt darasani, yaani kitu kilichoharibika, nilicheka peke yangu.) Daktari wa usingizi akaniuliza napenda muziki gani. Nikadhani ananipigisha soga nisiogope, kumbe anataka kunivalisha hedifoni. Nikamwambia taarab, ile ya zamani. Nikapitiwa na usingizi udi unalia.

Baadaye nikamuuliza, mtu amelala fofofo, muziki wa nini? Akanieleza utafiti wa kwao uliotoka mwaka 2020 katika BMJ, jarida la madaktari la Uingereza. Wagonjwa 385, hospitali tano. Karibu nusu yao walisikilizishwa muziki na maneno ya kutuliza wakiwa usingizini, dakika 20 sauti, dakika 10 kimya, hivyo hivyo mpaka mwisho. Wengine walivalishwa hedifoni zisizo na kitu. Katika saa 24 za kwanza, waliosikilizishwa waliumwa kidogo kuliko wenzao, na dawa kali za maumivu, za jamii ya mofini, walihitaji chache.

Najua mtaniambia wenzetu wana hela. Hela gani? Simu tunazo. Na kwetu ndiko kwenye haja zaidi, maana akina mama wengi hupasuliwa wakiwa macho. Ila uwe muziki wa mgonjwa: kaswida, kwaya, chochote kinachomtuliza yeye, si bongo fleva ya daktari. Na sauti iwe ya chini, wahudumu wasikizane na mama aweze kujibu akiitwa.

Sisemi huku ni peponi. Nilizinduka nikakuta pazia na mashine. Tanga nilimkuta mama mkwe na chupa ya uji, na mashangazi watatu wakigombana nani alale.

Mdogo wangu anapasuliwa mwezi ujao. Nimemwambia apakie kwaya zake kwenye simu. "Dada, wataniruhusu kweli?" Nikamwambia amwone daktari wa usingizi mapema, amwombe. Bado hajanijibu.