Acha C ilivyo, ng'oa main

Wanafunzi wa kompyuta wengi huanza na lugha ya C. Wanaandika mchezo, au programu ya kukokotoa riba, inafanya kazi vizuri ndani ya dirisha jeusi la terminali, kisha hamu inawajia: hii kitu naitaka kwenye simu, iwe na rangi na vitufe, nimwonyeshe hata mama. Wakiuliza waanzie wapi, jibu wanalopewa ni lile lile. Tupa hiyo C, andika upya yote kwa Kotlin, lugha ya programu za Android. Au Flutter, zana ya Google ya kutengenezea programu za simu.

Mimi silikubali jibu hilo, na sababu yangu si mapenzi ya lugha kongwe. Anayedhani C haina nafasi kwenye simu hajatazama kilichomo ndani ya simu yake. Kiini cha Linux kinachoibeba Android kimeandikwa karibu chote kwa C. SQLite, hifadhidata iliyoanza mwaka 2000, ni C, na imo ndani ya kila simu ya Android na kila iPhone. Mazungumzo yako ya WhatsApp kwenye Android yamehifadhiwa humo. Hakuna aliyeona haja ya kuiandika upya SQLite kwa Java ili ipate ruhusa ya kukaa simuni. Google walitoa NDK, yaani zana za kukompaili C na C++ kwa ajili ya Android, tangu 2009. Hata huyo wa Flutter anaweza kuziita funksheni za C moja kwa moja kupitia maktaba ya dart:ffi. Kwa hiyo njia ipo, tena ni pana.

Kinachowakwamisha watu ni main, ile funksheni ambayo programu ya C huanzia na inayoshika mwendo wote.

Kwenye terminali, programu yako ndiyo mwenye nyumba. Inauliza, inasubiri, inajibu, inauliza tena, na mtumiaji akienda kupika chai scanf, funksheni ya kusoma anachoandika, itamngoja mpaka arudi. Kwenye simu mambo yamegeuka. Mwenye nyumba ni Android: yeye ndiye mwenye lupu kuu, yaani mzunguko unaojirudia, yeye ndiye anayejua kidole kimegusa wapi, na wewe unakaa mpaka uitwe. Ukiitwa, fanya kazi yako haraka uondoke. Ukiung'ang'ania uzi mkuu, yaani mkondo wa kazi unaohudumia skrini, na mguso wa mtumiaji ukakaa sekunde 5 bila kushughulikiwa, Android itamwambia mtumiaji kwamba programu yako haiitikii, na itampa kitufe cha kuifunga.

Doom, mchezo wa zamani wa kupiga risasi, ni ushahidi mzuri. Msimbo wake wa C ulitolewa hadharani mwishoni mwa 1997, na tangu hapo watu wameuhamishia kwenye kila chenye skrini. Sifa hupewa C, kwamba ni lugha inayohamishika. Ni kweli, lakini nusu tu. Waandishi wake walikuwa wameyatenga mambo ya mashine, yaani video, sauti na saa, kwenye mafaili yanayoanza na i_, ndiyo maana mtu anajua pa kukata. Na bado ndani ya d_main.c kuna lupu isiyo na mwisho. Ukiutazama mradi wa doomgeneric, uliotengenezwa ili kurahisisha uhamishaji, utaona walichokifanya: wameitoa lupu nje. Unaita doomgeneric_Create mara moja, kisha doomgeneric_Tick kila unapotaka mchezo usogee hatua moja. Anayeshika mwendo sasa ni wewe, au simu yako.

Mfano ninaoupenda zaidi ni mafumbo ya Simon Tatham, yule yule wa PuTTY, programu ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali. Ni mkusanyo wa michezo midogo takriban 40, yote kwa C. Kila mchezo unajua kanuni zake tu. Haujui kama unachezwa Windows, kwenye Linux au ndani ya kivinjari. Ukitaka kujichora unaomba: draw_line, draw_rect, draw_circle, draw_text. Mguso au kibonyezo kikitokea, unaletewa kupitia midend_process_key. Hivyo aliyeupeleka mkusanyo huo Android, ambaye ni mtu mwingine kabisa, hakulazimika kuzigusa kanuni za michezo yote. Kazi yake ilikuwa kuandika upande wa mbele: namna ya kuchora, na namna ya kukifanya kidole kilichokandamiza kwa muda kihesabike kama kitufe cha kulia cha panya.

Sasa tuje nyumbani, kwenye bao. Bao la Kiswahili ni tamu kuliandikia C: safu nne za mashimo manane, kete 64, na kila shimo linatosha ndani ya baiti moja. Toleo la terminali la mwanafunzi wa kawaida litakuwa na kitu kama hiki:

while (!mchezo_umekwisha()) {
    chora_bao();
    scanf("%d", &shimo);
    cheza(shimo);
}

Hapo hakuna tabu. Unaing'oa hiyo lupu, na cheza(shimo) inaitwa kila kidole kinapogusa shimo. Watu wanafika hapa, wanafurahi, halafu wanagonga ukuta: nyumba, lile shimo la pekee la kila mchezaji linalolimbikiza kete.

Mchezaji wa bao anajua. Mko bado kwenye kunamua, hatua ya kwanza ambapo kila zamu mnaingiza kete mpya, umekula, umesambaza, na kete ya mwisho imeangukia kwenye nyumba yako ambayo bado ipo. Una hiari: nyumba ilale, zamu iishie hapo, au isafiri, usambaze kete zake na kuendelea. Kwa hiyo katikati ya zamu, ndani kabisa ya funksheni ya kusambaza iliyoitwa na funksheni ya kula iliyoitwa na cheza, kuna scanf nyingine imejificha inauliza, "Utasafiri?" Kwenye terminali swali hilo halina madhara. Kwenye simu huwezi kusimama hapo ukasubiri. Inabidi urudi juu kote ulikotoka, umwachie Android lupu yake, uoneshe vitufe viwili, kisha jibu likija uendelee pale pale ulipoishia.

Njia ya mkato ipo na inapendwa mno: weka C yote kwenye uzi wake wa pembeni, iache iendelee kusubiri kama zamani, na vitufe viiamshe. Inafanya kazi. Kwa maonyesho ya darasani inatosha kabisa. Ila hali ya mchezo sasa imo ndani ya staki ya uzi huo, yaani kumbukumbu ya funksheni zilizo katikati ya kazi, na staki huwezi kuiandika kwenye faili. Simu yenye RAM ndogo, ambazo ndizo nyingi mikononi mwa watu wetu, haioni haya kuua programu iliyo nyuma. Mtu anapigiwa simu katikati ya mchezo, anaongea, anafungua WhatsApp, akirudi bao limeanza upya na nyumba aliyokuwa anailinda haipo. Mshabiki wa bao hatakusamehe.

Dawa ni kuifanya cheza() iwe na adabu. Ikifika kwenye nyumba irudishe thamani inayosema "nahitaji jibu", na kabla ya kurudi iandike kwenye struct moja, yaani kifurushi kimoja cha data, kila kitu kinachohitajika: mashimo 32, kete zilizobaki mkononi kwa kila mchezaji, zamu ya nani, imefika shimo lipi, inaelekea upande gani. Vyote hivyo havizidi baiti 50. Kisha kuwe na funksheni ya pili, jibu(), inayoanzia hapo. Struct hiyo ipitishwe kwa pointa (anwani yake kwenye kumbukumbu) kwenye kila funksheni, wala isikae kama kigeu cha jumla, kinachoonekana na msimbo wote. Vigeu vya jumla vina ujanja wao kwenye Android: skrini ikigeuzwa, ukurasa unaharibiwa na kujengwa upya, lakini mchakato unaendelea kuishi, kwa hiyo Kotlin inadhani inaanza mwanzo wakati C inakumbuka mchezo wa jana.

Kuna jambo lingine la bao ambalo terminali hailifichui. C inasambaza kete zote kwa muda usiohisika. Jicho haliwezi. Mchezaji anataka kuiona kete ikidondoka shimo kwa shimo, la sivyo hajui zimetoka wapi kete zilizojaa upande wake. Kwa hiyo cheza() isirudishe tu sura ya mwisho ya bao, irudishe na orodha ya hatua, na upande wa Kotlin uzioneshe kwa mwendo wake. Na hapo weka kikomo, maana imethibitishwa kwamba kwenye bao ipo mikao ambayo usambazaji wake haukomi kamwe. Lupu ya aina hiyo kwenye uzi mkuu ndiyo ile ya sekunde 5 tuliyoisema.

Kuhusu JNI, yaani daraja la kuvukia kati ya Kotlin na C, malalamiko ni mengi kuliko ubaya wake. Vuka mara chache ukiwa na mzigo mkubwa. Usiite C mara 32 kuuliza kila shimo lina kete ngapi. Omba safu nzima ya baiti kwa mkupuo mmoja.

Mitego mingine ni midogo lakini inaudhi. printf haionekani popote, tumia __android_log_print usome kwenye logcat, kumbukumbu za matukio ya Android. exit(1) haikutoi kwenye funksheni, inaiua programu nzima mbele ya mtumiaji. fopen haiwezi kufungua faili lililofungashwa ndani ya APK, kifurushi cha programu ya Android. Kwenye Android ya ARM (aina ya prosesa ya simu nyingi), char haina hasi, kwa hiyo ile lupu ya kusoma faili inayoweka herufi kwenye char na kuilinganisha na EOF, alama hasi ya mwisho wa faili, haifiki mwisho, ingawa kwenye laptop ilikuwa sawa. Na long ina baiti 4 kwenye simu za biti 32 na 8 kwenye za biti 64, na Play Store inadai msimbo wa C uwe na toleo la biti 64 tangu Agosti 2019. Andika int32_t, ambayo ni baiti 4 popote, maliza.

Nikiri upande wa pili: kama C yako ni mistari 200 ya kukokotoa riba, iandike tu kwa Kotlin jioni moja. Kuanzisha CMake (zana ya kupanga ukompaili) na JNI kwa ajili ya kuzidisha na kugawanya ni kujitesa. Hoja yangu inahusu msimbo wenye kanuni nyingi, uliokwisha kuchezwa, kukosolewa na kurekebishwa. Ukiuandika upya unazirudisha kasoro ambazo mtu alishazitoa.

Tena ukishaing'oa main, usiitupe. Iweke kwenye faili lake, ibaki kuwa upande wa mbele wa terminali, ikitumia funksheni zile zile za simu. Ikompaili kwenye laptop kwa -g -fsanitize=address,undefined, inayonasa makosa ya kumbukumbu, iache icheze michezo ya kubahatisha usiku kucha. Pointa iliyopotoka ikinaswa hapo, unapewa jina la faili na namba ya mstari. Ikikutoroka mpaka simuni, utaletewa nyota moja na maneno matatu: "Inajifunga yenyewe bro."