Filamu za watu wazima Ufilipino: mkasi ulikata nini?

Wapo wanaoshikilia kwamba filamu za ngono za Ufilipino zilikuwa kiini macho cha dikteta Ferdinand Marcos: watu wapewe miili ya kutazama, wasahau njaa na jela. Wengine wanaona humo ndimo wakurugenzi walipopata nafasi ya kusema ukweli kuhusu umaskini.

Hoja ya kwanza inagongana na tarehe. Wimbi la "bomba", jina walilopewa filamu za uchi za wakati huo, lilianza kabla ya udikteta. Filamu ya Uhaw ya 1970, aliyoigiza Merle Fernandez, huhesabiwa kuwa ya mwanzo. Sheria ya kijeshi ya Marcos ya Septemba 1972 ndiyo iliyolizima. Watengenezaji wakatafuta upenyo: mwaka 1974 mkurugenzi Celso Ad. Castillo alimwonyesha kwenye filamu Gloria Diaz, Miss Universe wa 1969, akiwa na nguo nyembamba iliyolowa maji. Mwigizaji amevaa, mtazamaji anaona, na mkaguzi hana pa kushika.

Na mkasi wenyewe wa wakaguzi haukuwinda uchi peke yake. Manila by Night ya Ishmael Bernal (1980) ilifutiwa hata jina la mji, ikaonyeshwa kama City After Dark. Miaka michache baadaye jengo la serikali, Manila Film Center, likaonyesha filamu za ngono bila kukatwa, kwa kuwa zilileta fedha. Hapo wenye hoja ya kiini macho wana haki kabisa: serikali yenyewe ndiyo iliyozionyesha.

Lakini Marcos aliondoka 1986 na mkasi ukabaki. Mwaka 2001 Rais Gloria Arroyo aliiondoa filamu ya Live Show kwenye majumba ya sinema baada ya Kanisa Katoliki kulalamika. Mwenyekiti wa bodi ya ukaguzi, Nicanor Tiongson, akajiuzulu.

Hoja nzito zaidi dhidi ya filamu hizi, kwa maoni yetu, inamhusu mwigizaji. Chukua "singit", kipande kilichopachikwa baada ya bodi kupitisha filamu. Mkanda wa milimita 35 hupita futi 90 kwa dakika, hivyo dakika mbili za ziada ni futi 180 tu: zinaunganishwa kwa gundi au utepe kwenye chumba cha projekta, na mkaguzi akija zinatolewa. Bodi imeona nakala moja, ukumbi unaonyesha nyingine. Mwili ulio kwenye kipande unaweza kuwa wa mtu mwingine kabisa, lakini jina lililo kwenye bango ndilo linalobeba aibu. Huo haukuwa uhuru wa sanaa.

Tangu 2021 Vivamax (sasa VMX), huduma ya kutazama filamu kwa intaneti, imezihamishia filamu hizi kwenye simu. Amri iliyounda bodi mwaka 1985 ilizungumzia sinema na televisheni, na sasa bodi inataka mamlaka juu ya intaneti. Ikipewa, iishie kwenye kupanga umri. Cha kusimamia kwa ukali ni Sheria ya Eddie Garcia ya 2024 ya kulinda wafanyakazi wa filamu na televisheni, inayodai mkataba kabla ya kazi; na, kwa maoni yetu, mkataba huo utaje kila tukio la uchi na nani ana haki ya kuligusa kwenye uhariri.