Gobore la Kujiundia Nyumbani: Mtutu Ndio Unaoamua

Nchini Marekani mtu anaweza kuagiza kasha lenye sehemu zote za bunduki ya kushindiliwa kwa mdomo, yaani gobore, likamfikia nyumbani, kisha akatumia miezi akichonga tako, yaani sehemu ya mbao inayoshika mtutu, akipiga tupa na kupaka mafuta mpaka bunduki ikamilike. Sheria ya silaha ya nchi hiyo ya mwaka 1968 haiihesabu bunduki hiyo pamoja na silaha za kawaida, mradi imeundwa kwa ajili ya baruti nyeusi na haiwezi kutumia risasi za kisasa, ingawa baadhi ya majimbo yana masharti yake yenyewe. Mkoani Tabora, Tanzania, gobore lililofuliwa na mhunzi wa kijijini bila leseni humfikisha mahakamani. Wapo wanaouliza kwa nini kazi ileile iwe burudani kule na kosa la jinai huku, na swali lao linastahili jibu pana kuliko kutajiwa kifungu cha sheria tu.

Wanaotetea kazi hiyo wana msingi mzito. Katika karne ya 19 Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, ilikuwa njia panda ya misafara kati ya pwani na Ujiji, na bunduki zilipita hapo zikibadilishwa kwa pembe za ndovu. Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola yake akitegemea rugaruga, yaani askari wake wa kukodiwa, wenye bunduki, na mwaka 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe, boma lake lilipovunjwa na Wajerumani, alijilipua kwa baruti yake mwenyewe kuliko kutekwa. Kabla ya hapo, mwaka 1890, mataifa ya Ulaya yalikubaliana mjini Brussels kuzuia bunduki za kisasa zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika, yakaacha mlango wazi kwa bunduki za gumegume, zinazowashwa kwa cheche za jiwe, zisizo na mifuo ya kuzungusha risasi ndani ya mtutu. Kwa hiyo gobore halikudumu huku kwa sababu watu walipenda vitu vya kale. Lilidumu kwa sababu ndilo walilobakiziwa. Wahunzi wa Kinyamwezi na wa Kiha, ambao majembe yao yalikuwa bidhaa kubwa ya biashara, walikuwa na mikono ya kulihudumia. Ujuzi huo ni urithi, na anayeuona kuwa uhalifu mtupu hajautazama vizuri. Fundi wa Tabora anayeufahamu mninga angeweza kuchonga tako ambalo mpenzi wa bunduki hizo popote duniani angelistahi.

Hata hivyo, ulinganisho na kasha la Marekani unaficha jambo moja ambalo kwangu ndilo kiini cha mjadala. Anayeunda bunduki kutoka kwenye kasha hatengenezi mtutu. Mtutu humfikia ukiwa tayari, umetobolewa kiwandani kutoka kwenye chuma kinachojulikana aina yake, na mwisho wake wa nyuma umezibwa na mtu mwenye vipimo. Kazi inayobaki nyumbani, yaani kuchimba ubao ili mtambo wa kufyatulia ukae sawasawa, kulainisha kwa msasa na kutia rangi, ni ngumu na inahitaji subira, lakini fundi akikosea huharibu ubao, haharibu uso wake. Uingereza ililitambua hilo zamani: mjini Birmingham, kulikoundwa bunduki nyingi zilizouzwa Afrika, nyumba ya kujaribia mitutu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1813, na mtutu uliofaulu ulipigwa muhuri.

Gobore la kijijini mara nyingi huanza na bomba lililotengenezwa kupitisha maji. Bomba hilo linaweza kuwa na mshono wa kuchomelea, na hakuna anayejua litahimili shinikizo kiasi gani. Likistahimili mara nyingi, mwenye nalo huamini kwamba ni imara, ilhali kila mlipuko unaweza kuwa unaudhoofisha mshono uleule. Goroli isiposhindiliwa kwa mdeki, yaani ufito wa kushindilia, mpaka ikagusa baruti, au mtu akisahau kwamba alikwishajaza akajaza tena, hata mtutu mzuri unaweza kupasuka. Bomba halina akiba yoyote ya kumwokoa. Hasara yake ni vidole, jicho au maisha, na humwangukia mpigaji na aliye karibu naye.

Upande wa wanyamapori na usalama sina haja ya kuurefusha. Gobore lisilo na namba halifuatiliki, misitu ya miombo ya Ugalla, iliyopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, inawindwa kwa silaha za namna hiyo, na Kigoma imeishi miaka mingi jirani na vita vya Burundi na Kongo. Mkulima anayeliwa mahindi na nguruwe pori ana shida ya kweli, na kumnyang'anya gobore bila kumpa ulinzi mwingine ni kumwongezea hasara. Lakini shida yake hailifanyi bomba la maji kuwa mtutu.

Kwa hiyo siungi mkono kuruhusu watu waunde bunduki majumbani kwa kuiga Marekani. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka leseni, na katika hilo naona ina haki. Ninachokipinga ni kumtazama mhunzi kama mshukiwa daima. Mtambo na tako vinaweza kufundishwa leo, chini ya kibali na usimamizi wa polisi, kwa kutumia mitutu iliyozibwa isiyoweza kulipua chochote, ili kazi hizo ziwekwe katika makumbusho ya Kwihara karibu na Tabora, walikokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, na yale ya Ujiji. Suala la gobore linalofyatua lisubiri mpaka nchi iwe na mahali ambapo mtutu unajaribiwa na kupigwa muhuri kabla haujamfikia fundi.